Shuka Jeupe Chokocho

Filamu haitaki mengi. Inataka giza, inataka kitu cheupe cha kupokea mwanga, na inataka watu waliokubali kunyamaza kwa muda. Chokocho giza tunalo. Jua likishatua na adhana ya Magharibi ikishapita juu ya minazi, kijiji huingia usiku taratibu: kwanza mikoko ya pwani hupoteza umbo lake, kisha ngarawa zilizofungwa bandarini, kisha njia, kisha nyuso za watu waliokaa barazani, hadi zikabaki sauti zao tu. Aliyezoea miji hudhani hapo mambo yamekwisha. Kumbe hapo ndipo macho yanapoanza kazi.

Hapa ni kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani, mahali watu wanaposhuka kupanda mashua za kuvuka kwenda Kisiwa Panza. Mwaka uliopita niliutumia hapa, nikitazama filamu. Nyingine nilizitazama peke yangu ndani ya chandarua, simu mkononi na sauti masikioni. Nyingine uani, na watu wa nyumbani. Na chache, ambazo ndizo ninazozikumbuka zaidi, nje kabisa baada ya Isha, juu ya shuka jeupe lililofungwa baina ya minazi miwili, kwa projekta ndogo ya kijana wa jirani. Upepo ukija shuka lilivimba, na uso wa mtu wa Iran au wa Ufaransa ukavuta pumzi pamoja na kusi.

Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba huja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Mwanga ule unaoangukia shuka umepita kwanza mahali pasipo mwanga wowote, chini ya mkondo, chini ya wavuvi waliokuwa wakivua kwa taa zao bila kujua kinachopita chini yao. Umekuja kutoka mbali, gizani, na umetufikia ukiwa uso wa mtoto anayelia kwa ajili ya viatu.

Viatu vyenyewe ni vya Zahra. Kaka yake, Ali, kavipoteza njiani akitoka navyo kwa fundi, na nyumbani hamna fedha ya kununua vingine. Baba asijue, mama mgonjwa asijue. Watoto wanakubaliana kutumia jozi moja ya kaka, dada asubuhi, kaka mchana, wakikutana kichochoroni kubadilishana huku wakihema. Hiyo ni Children of Heaven, filamu ya Majid Majidi ya mwaka 1997, na sidhani kama kuna filamu iliyopendwa zaidi na watoto wa hapa. Ali anaingia mashindano ya mbio kwa sababu zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu. Anataka kuwa wa tatu, si wa kwanza, na watoto wetu waliifahamu haja hiyo mara moja, bila kuelezwa. Alipoanza kuwapita wenzake walimpigia kelele: "Punguza, Ali! Punguza!" Hakupunguza. Alishinda. Watu wazima ndani ya filamu walimbeba na kumpiga picha, naye akainamisha kichwa akilia, na juu ya mikeka yetu hapakusikika hata kikohozi.

Mwishoni Ali ametia miguu yake iliyochubuka ndani ya maji ya birika la uani, na samaki wadogo wekundu wanaizunguka. Hakuna anayesema kitu. Shuka lilipozima, watoto walipapasa gizani kutafuta kandambili zao pembeni mwa mikeka, na nikamuona kaka mmoja akimmulikia mdogo wake, akisubiri hadi avae ya pili.

Watoto hawa hawasomi maandishi ya chini ya picha, kwa hiyo kijana mwenye projekta hutafsiri kwa sauti. Ni kazi yenye heshima yake. Tanzania nzima imekua ikiwasikiliza watafsiri wa filamu akina Lufufu na DJ Mark, na Kenya wana DJ Afro wao. Kijana wetu huanza kwa kutafsiri, kisha husimulia, na akikolea huwapa watu wa kwenye filamu maneno ambayo hawakuyasema, mara nyingi mazuri kuliko yale waliyosema. Lakini ana kipaji kimoja ambacho sikukiona kwa wengi: anajua pa kunyamaza. Miguu ya Ali ilipoingia majini hakutia neno.

Ami yangu hukaa nyuma, juu ya kiti, kwa sababu magoti hayamruhusu mkeka. Ujana wake ulikuwa wa filamu za Kihindi. Unguja mjini palikuwa na sinema ya mabati tangu mwaka 1916, kisha likaja jumba la Royal mwaka 1921, lile lililokuja kuitwa Majestic, likaungua mwaka 1954 na kujengwa upya. Na Pemba nasi tulikuwa na sinema zetu, Wete na Chake Chake. Kule mjini mkanda mmoja wa filamu uliweza kugawiwa majumba mawili usiku mmoja. Kipande cha kwanza kikimalizika huku, kijana alikipakia kwenye baiskeli na kukimbia nacho hadi jumba la pili, kisha akarudi kuchukua kinachofuata. Akichelewa, ukumbi mzima ulimngoja. Ami alikuwako usiku wa namna hiyo, katika filamu ya Raj Kapoor, na anachokikumbuka si filamu. Anakumbuka kungoja. Anasema watu walikaa gizani wamejaa tele, kila mmoja na hadithi iliyokatika katikati ya kifua chake, wakisikiliza kengele ya baiskeli kutoka mtaani.

Yeye ndiye aliyenifanya niitafute Le Grand Voyage, ya Ismaël Ferroukhi, ya mwaka 2004. Mzee wa asili ya Moroko anayeishi Ufaransa anamwambia mwanawe ampeleke Makka kwa gari. Si kwa ndege. Kwa gari, kupitia nchi baada ya nchi, hadi Uturuki, hadi Sham, hadi jangwani. Baba anasema Kiarabu, kijana anamjibu kwa Kifaransa, na kwa masafa marefu hakuna anayesema chochote. Kijana haswali. Anauliza kwa nini baba hakupanda ndege, na mzee anampa mfano wa maji ya bahari, ambayo chumvi yake hutoka pale yanapopanda kwenda mbinguni. Nilimtazama ami wakati huo. Mtu aliyezaliwa kando ya maji ya chumvi, akayavua, akayavuka, akayaogopa, aliusikia mfano ule kwa namna ambayo mimi sikuweza.

Ami hajahiji. Alikuwa na nia, kisha karafuu ikakosa bei, kisha mgonjwa, kisha msiba, kisha magoti. Katika filamu mzee anafika. Anavaa ihramu, anaingia katika ule umati mweupe na harudi jioni, na kijana anakwenda kumtafuta hadi anamkuta miongoni mwa maiti. Shuka letu lilijaa weupe, watu na watu na watu, hata sikujua tena nguo ya filamu inaishia wapi na shuka linaanzia wapi.

"Hakurudi?" ami aliuliza.

"Hakurudi, ami."

"Basi amefika."

Hakuongeza. Alikaa kidogo, akaomba fimbo yake.

Mwezi wa Ramadhani hatukutazama kitu. Projekta iliwekwa juu ya kabati, shuka likarudi kitandani. Nilidhani nitazikosa picha, lakini zilinijia zenyewe, tarawehe ikiisha, wakati wa kurudi nyumbani kwa miguu: kichochoro cha Zahra, gari la yule mzee likiwa dogo sana ndani ya nchi kubwa. Pengine filamu nayo huhitaji kufungishwa, ili ijulikane kilichobaki ndani yake. Jioni moja ya mwezi ule popo walipita juu yetu kwa wingi, wale popo wakubwa wa Pemba ambao Mungu hakuwaweka popote pengine duniani, na sote tuliokuwa njiani tulisimama tukatazama juu hadi wa mwisho alipopita.

Msimu wa karafuu ulipofika tuliikuta kazi nyingine ya usiku. Mchana karafuu huchumwa, usiku huchambuliwa. Watu hukaa duara kuzunguka rundo, wakitenga karafuu na makonyo, na mikono ikishazoea haihitaji macho. Macho yakiwa huru, tuliyapa Bi Kidude. As Old As My Tongue, filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006, tuliitazama kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wanawake walimjua wote. Alikufa tarehe 17 Aprili 2013, redio zikatangaza, watu wakasoma Fatiha. Na sasa yuko pale, Fatuma binti Baraka, mfupi, miguu mitupu, anavuta sigara, anacheka, anapiga ngoma, anafungua kinywa na ile sauti inatoka, sauti yenye mchanga ndani yake. Mama mmoja alimwitikia. Kisha wa pili. Mikono haikusimama, karafuu ziliendelea kuanguka upande wake na makonyo upande wake, na wanawake wa Chokocho wakawa wanaimba pamoja na marehemu.

Sijui niseme nini juu ya hilo. Kamera haimrudishi mtu. Lakini kuna kitu inachokiacha, chepesi, kisicho na uzito hata wa karafuu moja, na usiku ule kilitosha kuwaimbisha watu walio hai.

Nimechelewa kufika kwenye The Red Turtle, na nimechelewa kwa makusudi.

Ni filamu ya Michael Dudok de Wit, Mholanzi, aliyeitengeneza kwa ushirikiano na Studio Ghibli ya Japani. Ilitoka mwaka 2016. Ni ya kuchorwa, ina dakika 80, na ndani yake hakuna mazungumzo kabisa. Mtu ametupwa na bahari kwenye kisiwa kitupu. Anajenga chelezo cha mianzi ili aondoke. Kitu kinakivunja kutoka chini. Anajenga cha pili, kinavunjwa. Cha tatu, na hapo anamuona: kasa mkubwa mwekundu. Siku kasa huyo anapopanda pwani, mtu yule anampiga kwa hasira na kumgeuza mgongo chini, miguu juu, akimwacha juani.

Lazima niseme kwa nini filamu hii ni nzito hapa kuliko mahali pengine. Mwezi Machi 2024, ng'ambo ya maji haya, Kisiwa Panza, watu walikula nyama ya kasa, na tisa wakafariki. Wanane kati ya hao tisa walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa. Mwaka 2021 Pemba ilikuwa imeshazika watu saba kwa sababu hiyohiyo. Nyama ya kasa ni chakula cha zamani hapa, cha furaha, cha kugawiwa majirani. Lakini mara mojamoja kasa hubeba sumu, ambayo wataalamu huihusisha na mwani anaokula, na sumu hiyo haitoki kwa moto wala kwa kupikwa sana. Hakuna anayeiona. Mama anapakua, anapuliza chakula kipoe, anamlisha mtoto.

Kwa hiyo nilikuwa na filamu hiyo kwa muda mrefu bila kuionesha. Mwisho nilikwenda kwa bibi mmoja, mwenyeji wa Panza aliyeolewa huku zamani, nikamueleza hadithi yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza akisuka ukili, na nilipomaliza aliendelea kusuka. Kisha akasema, "Mwanangu, kasa hana kosa. Waoneshe."

Usiku huo hapakuwa na upepo. Kijana wa projekta hakuwa na cha kutafsiri, akakaa chini na wenzake. Sauti ya mawimbi ya kwenye filamu ilichanganyika na ya pwani yetu, na mara kadhaa nilishindwa kujua ni ipi. Kasa alipogeuzwa mgongo chini, watoto walisogeleana. Yule mtu wa kwenye filamu akaondoka zake, akarudi, akamtazama, akaanza kujuta, akamletea maji, na kasa hakusogea. Ndipo sauti ya mtoto mmoja ikatoka gizani, ndogo, isiyomwambia yeyote: "Mgeuze."

Kisha gamba linapasuka, na ndani yake kuna mwanamke. Wanaishi. Wanapata mtoto. Bahari inakuja juu na kuangusha kila kitu, na bado wanaishi. Mtoto anakua, anaaga, anaondoka na makasa. Wawili wanazeeka pamoja kwenye kisiwa kilekile ambacho yule mtu alitaka sana kukikimbia, hadi usiku mmoja anafumba macho. Mwanamke anaulaza mkono wake juu ya mkono wa mumewe, na mkono wake unarudi kuwa wa kasa, na anajikokota juu ya mchanga, polepole, kwa jinsi makasa wanavyokwenda, hadi majini.

Bibi wa Panza alikuwa amekaa pembeni. Alijifunika kanga vizuri, akasema, "Haya, watoto wakalale." Watoto waliinuka bila ubishi, jambo ambalo si la kawaida. Baadhi yao walipita pwani kwanza.

Baada ya hiyo nilitazama peke yangu kwa wiki kadhaa. Niliitazama The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019: kijana anayeitwa Karisa anatoka Mombasa kurudi kwao Kilifi, kwa sababu amesoma kwenye Facebook kwamba bibi yake ni mchawi. Bibi mwenyewe amepita miaka tisini na bado anashika jembe. Nyuma ya tuhuma kuna ardhi. Sisi Wapemba tumezoea kusikia kisiwa chetu kikitajwa kwa uchawi na watu wasiowahi kukikanyaga, na labda ndiyo sababu uso wa yule mama ulinikaa. Hapigi kelele. Analima. Anamjua Mola wake na anajua shamba lake linaanzia wapi.

Niliitazama Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, isiyofika hata nusu saa. Dunia imekauka, watu wanakunywa jasho lao lililosafishwa, na msichana Asha anatoka kwenda jangwani na mche mmoja, anaupanda, anaupa maji yake ya mwisho, kisha anaufunika kwa mwili wake dhidi ya jua. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki cha kijani, na kijani bado kipo, alhamdulillahi. Lakini yapo mabonde ya mpunga Pemba ambayo bahari imeshayaingia, na mkulima akionja udongo anaonja chumvi. Filamu ile fupi niliirudia usiku uleule.

Na niliitazama Perfect Days, ya Wim Wenders, ya mwaka 2023, habari za mtu wa Tokyo anayesafisha vyoo vya umma kwa uangalifu mkubwa, na mchana hukaa chini ya mti akipiga picha za mwanga unaopenya majani. Asubuhi yake nilipita chini ya mikarafuu. Jua lilikuwa likipenya, na vipande vyake vilikuwa vikicheza juu ya jamvi lililoanikwa karafuu, vikija na kuondoka, bila mtazamaji. Nilisimama hapo hadi aliyekuwa akigeuza karafuu aliponiuliza kama kuna nilichopoteza.

Vuta N'kuvute sikuitaja, na haistahili kupitwa. Amil Shivji aliitoa katika riwaya ya Adam Shafi, ile ya mwaka 1999. Ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Sauti ya Siti Amina imo, na Unguja ya miaka ya 1950 imo. Kilichonigusa zaidi ni kuisikia lugha yetu ikitoka kwenye shuka bila mfasiri, na wazee wakijibizana nayo.

Nikiulizwa filamu ya mwaka nitasema The Red Turtle, na sitasita. Lakini iliyo bora kuliko zote sikuiona, kwa sababu haijapigwa. Wewe kijana wa Mkoani, wa Wete, wa Konde au wa Kengeja, unayesoma haya kwenye simu yenye kamera: usiku wa msimu ujao, bibi yako akikaa kuchambua karafuu, iweke simu mahali itulie na uirekodi mikono yake. Usimuulize kitu. Mwache achambue hadi amalize, na faili hiyo usiifute.